Kalamu ya Kunyonya

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kumsalimia mdogo wangu, na siku ya kuondoka nikaingia duka moja la vifaa vya shule karibu na mpaka. Mjukuu wangu anaingia darasa la tano, nami nilitaka kumpelekea kitu cha maana. Binti wa dukani alikuwa akimhudumia mteja wa kutoka ng'ambo. Akamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani," wakacheka, wakaelewana, kisha akanigeukia mimi.

"Karibu mama. Nikupe nini?"

"Natafuta kalamu ya kunyonya."

Akanitazama vizuri, kama anayehakikisha kwamba nimesema nilichosema. "Inanyonya nini, mama?"

"Wino."

Akainama chini ya meza, akanitolea peni za kila rangi. Nyingine zilikuwa na manyoya kichwani, moja ilikuwa inawaka taa. "Hizi zote zimekuja na wino wake," akasema kwa huruma. "Ya nini uhangaike kunyonya?"

Nikanunua mbili nikaondoka. Lakini toka Tunduma mpaka Mlowo, pamoja na malori yote yale yaliyojipanga kando ya barabara, sikuona kitu dirishani mwa basi. Nilikuwa nimesharudi milimani, upande wa Mbebe, nina miaka kumi na vidole vina doa la buluu.

Wewe uliyesoma miaka ile ya upungufu utanielewa. Kijiji chetu kilikuwa juu sana, na mwezi wa sita ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya nyumba, ukakaa na watu jikoni. Wazazi wangu walikuwa Mlowo kwenye biashara ya mazao, mimi nikaachwa kwa bibi ili nisome. Asubuhi bibi alinipa viazi viwili vilivyochomwa majivuni. Havikuwa vya kula mara moja. Niliviweka mifukoni, kila mkono na kiazi chake, vikanipa joto njia nzima, na nilipofika shuleni ndipo nikavila. Peni zetu za kawaida, wachache tuliokuwa nazo, ziliganda kwa baridi. Ulikuwa unaipuliza kwa pumzi ya moto, unaisugua kwenye viganja, ikigoma unaikung'uta kwa nguvu mpaka wino ushuke. Kila mtoto alijua kukung'uta peni. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Nilipokuwa darasa la nne tuliletewa mwalimu mpya, mwanamke, wa kwanza shuleni kwetu. Alitoka Ivuna, kule bondeni kwenye joto na chumvi. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mwalimu mkuu akaja kumwomba bibi amkodishe chumba. Akafika na sanduku la bati, godoro, na kifurushi cha chumvi ya kwao aliyomletea bibi. Bibi akaionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akasema mtu wa chumvi kama hii akae mpaka achoke mwenyewe. Mwalimu alivaa sweta mbili na kitenge juu, na bado meno yalikuwa yanagongana. "Wametuletea mtoto wa jua," bibi alikuwa akisema, akimsogezea kigoda karibu zaidi na moto.

Siku ya tatu au ya nne ndipo nilipoiona. Alikuwa amekaa mezani kwake, mlango wazi, anaandaa masomo. Akatoa kalamu ya kijani kibichi iliyokolea, nene kidogo kuliko peni zetu, ina kofia ya chuma inayong'aa. Akaifungua katikati kwa kuizungusha. Ndani mlikuwa na kifuko cha mpira kilichovikwa bomba la bati, na kwenye bati ubavuni kulikuwa na kijiti cha kubonyeza. Akachovya nibu, ile ncha ya chuma ya kuandikia, kwenye kichupa cha wino, akabonyeza, mapovu yakatoka. Akaachia taratibu, na mimi niliyesimama mlangoni nikasikia, au nilidhani nimesikia, ule mpira ukivuta. Akaipangusa nibu kwa kitambaa, akaifunga, akaandika tarehe. Sijawahi kuona tarehe nzuri namna ile.

"Hii inaitwaje, mwalimu?"

"Wengine wanasema fauntenpeni. Sisi kwetu tuliita kalamu ya kunyonya."

Jina hilo nililipeleka shuleni siku ileile, likaenea kama moto wa nyasi. Na kama ujuavyo, miaka ile somo la siasa lilijaa neno unyonyaji. Mwalimu mkuu akatuuliza siku moja, "Unyonyaji ni nini?" Rafiki yangu wa dawati akainua mkono kwa uhakika wote: "Ni kazi ya kalamu ya mwalimu!" Tulicheka mpaka tukachapwa darasa zima. Bibi naye, aliposikia kwamba chombo hicho kinanyonya mpaka kinashiba, akakiita kupe. Jioni, mwalimu akitoka chumbani, bibi atauliza, "Kupe wako ameshiba leo?" Mwalimu atajibu, "Ameshiba, bibi, amelala."

Wino wenyewe haukupatikana madukani. Ulitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mjomba wangu, aliyeoa upande ule. Alikuja na kichupa kimefungwa ndani ya soksi, na bibi alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea yai. Karatasi ya kukaushia wino haikuwepo, kwa hiyo mwalimu alitumia chaki. Alikuwa anaviringisha kipande cha chaki juu ya maandishi mabichi, chaki inakunywa unyevu, inageuka buluu. Vipande vile tuliviokota na kuviweka kama hazina.

Mwandiko wake, rafiki yangu, sijui nikuelezeje. Herufi zilikuwa zimelala kidogo, kama watu wanaopanda mlima kwa pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Palipohitaji mkazo mstari ulinenepa, penye kupanda ukawa mwembamba kama uzi. Hakutuonea kwa mwandiko mbaya. Alikuwa anapita nyuma yako, anakushika mkono uliopauka kwa baridi, anasema, "Usiibane. Kalamu si kuku, haitakimbia." Mpaka leo nikimwona mtu ameibana kalamu, maneno hayo yanakuja.

Kwa sababu ya mwandiko huo, mwalimu mkuu alimpa kazi ya kujaza vyeti vya waliomaliza darasa la saba. Mwaka ule vyeti vilichelewa sana, vikafika katikati ya baridi, vimehesabiwa, kila kimoja na namba yake, hakuna cha ziada. Kati ya majina hayo lilikuwemo la binti wa jirani yetu. Alikuwa na akili na subira. Hospitali moja ya misheni ilikubali kumchukua kujifunza uuguzi, kwa sharti afike Jumatatu na cheti mkononi. Mama yake alishamshonea gauni. Nafasi ile ilikuwa moja, na nyuma yake walisimama wengine.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mwalimu alijaza vyeti vyote, akavitandaza mezani vikauke, akaweka vijiwe pembeni. Kisha akaitwa shuleni ghafla, akatoka haraka, kalamu akaiacha juu ya meza bila kofia. Bibi alikuwa shambani anang'oa maharage. Mimi nilikuwa peke yangu na ile kalamu.

Nilijiambia nitaishika tu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Nikajiambia nitaandika herufi moja tu, ya kwanza ya jina langu, kwenye kiganja. Haikuandika, nibu ilikuwa imekauka. Nikaipuliza kama tulivyozoea. Ikagoma. Basi nikafanya ambalo kila mtoto wa kijiji kile angefanya: nikaikung'uta kwa nguvu.

Wino uliruka kama maji ya mbwa aliyetoka mtoni. Mwingine ulikwenda ukutani, mwingine kifuani kwangu, na tone moja kubwa, la duara, likatua katikati ya cheti cha binti wa jirani, juu ya jina la baba yake. Nikachukua chaki niviringishe kama mwalimu, lakini kwa haraka nikasukuma badala ya kuviringisha. Doa likanyooka likaifikia namba. Nikajaribu mate. Usiniulize yaliyofuata. Nilipomaliza, kile hakikuwa cheti tena.

Nikakimbilia mtoni. Nikasugua vidole kwa mchanga, kwa majivu, kwa majani, mpaka ngozi ikawaka, na wino bado ulikuwa palepale. Nilirudi jua linazama. Bibi alikuwa anapukuchua maharage barazani, na chumbani kwa mwalimu kulikuwa kimya. Nikakaa mbali kidogo, mikono chini ya mapaja.

"Leta mikono tupukuchue," bibi akasema.

"Nina baridi, bibi."

Akaendelea na kazi, maganda yanalia pa, pa, pa. Halafu akasema bila kuniangalia, "Mwalimu amekaa mle tangu aliporudi. Hajawasha hata taa. Mtu aliyefanya jambo na ajue, kosa likisemwa na mwenyewe ni kosa moja. Likisemwa na watu yanakuwa mawili."

Niliingia. Alikuwa amekaa kitandani, cheti kile kimelala kwenye magoti yake. Nikanyoosha mikono yangu mbele yake. Akaitazama muda mrefu. Nilikuwa natamani anipige, nakwambia kweli, fimbo ingekuwa nafuu.

"Uliikung'uta?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Haikung'utwi hii." Akavuta pumzi. "Hukuambiwa. Ningekuambia. Haya, lala mapema. Kesho tunakwenda wilayani, mimi na wewe na mwenye cheti."

Tulitoka alfajiri watu watatu kwa miguu. Binti wa jirani alitembea mbele, hakunisemesha, na mimi sikumlaumu. Njia ilikuwa inateremka na kupanda, nyasi zimelowa, tope la baridi linaingia vidoleni. Mwalimu, mtoto wa jua, alikuwa anatetemeka ndani ya sweta zake mbili, na kila tulipofika juu ya kilima aligeuka kunisubiri. Bibi alitufungia viazi na maharage kwenye jani la mgomba. Tulikula tumesimama. Yule binti akaumega upande wake wa kiazi, akanipa kipande. Nilikula huku nalia.

Ofisini tulimkuta afisa mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Akakichukua kile cheti kwa vidole viwili.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Ni cheti kilichoharibika, mzee."

"Naona kimeharibika. Nauliza kimeharibikaje."

"Niliviacha mezani, nikatoka bila kufunga mlango. Wino ukakimwagikia hiki. Kosa ni langu."

Nilikuwa nyuma ya mgongo wake, nimeshika pindo la kitenge chake. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi. Niliikung'uta kalamu."

Afisa akainama mbele, akaniangalia juu ya miwani. "Mwalimu, huyu anasema ni yeye, na wewe unasema ni wewe. Niandike nani?"

"Andika mimi," mwalimu akasema. "Mtoto kazi yake ni kujifunza. Vyeti nilikabidhiwa mimi, na nilisaini mimi."

Afisa akatueleza kwamba cheti kingine kitaombwa mkoani, na kwamba hiyo ni kazi ya miezi. Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja umbali wa safari. Binti wa jirani akaanza kulia, machozi tu, sauti hakuna, akiyafuta kwa mkono wa gauni lake jipya.

"Mzee," mwalimu akasema, "ikiandikwa barua ya kuthibitisha kwamba amefaulu na cheti kinafuata, utagonga mhuri?"

"Mashine yangu ya kuchapa haina utepe tangu mwezi uliopita. Barua ya mkono watakataa. Watadhani mmejiandikia nyumbani."

"Naomba karatasi moja tu. Ukiiona, ukiona haifai, utaichana."

Akapewa karatasi. Akaitoa kalamu kwenye begi, akaikagua nibu kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuandika. Karani wa pembeni aliacha mafaili yake akaja kusimama. Hakusita, hakufuta neno. Mistari ilikuwa imenyooka kama imewekwa rula, na jina la yule binti aliliandika kubwa kidogo, kwa heshima, kama jina la mtu anayekwenda kupokewa. Alipomaliza akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaviringisha taratibu.

Afisa aliisoma mara mbili. "Mwandiko huu ulifundishwa na nani?"

"Na baba yangu, mzee. Alikuwa katekista, akinakili nyimbo za kanisa kwa mkono, maana vitabu vilikuwa vichache."

Yule mzee akafungua droo, akatoa mhuri, akaupumulia, akaugonga chini ya barua. Kisha akasema, "Barua ya onyo nitaiandika vilevile. Itakaa kwenye faili lako."

"Najua, mzee. Ahsante."

Wakati wa kurudi, binti wa jirani aliibeba ile bahasha kifuani mpaka nyumbani. Jumatatu alifika hospitali, na barua ile ikapokelewa. Huo ndio ukweli wa mambo, aliingia kwenye uuguzi kwa karatasi ya mkono.

Adhabu yangu nilipewa Jumamosi iliyofuata. Mwalimu aliniita mezani, akanikabidhi kalamu. "Kila Jumamosi utaiosha na kuilisha. Ndiyo adhabu." Akanionyesha: maji ya uvuguvugu, chovya nibu mpaka shingoni, bonyeza, hesabu mpaka tano, achia. Ukiachia haraka inameza hewa. Nilipomaliza akanipa karatasi chakavu niandike mstari mmoja, na mstari huo tukaujadili kama watu wazima wanaojadili shamba. Adhabu hiyo niliitumikia miaka miwili, na siku alipohamishwa nililia zaidi kuliko siku ya kosa. Kalamu aliondoka nayo, na ndivyo ilivyostahili.

Gharama ya barua ile sikuijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Bibi ndiye aliyeniambia, akiwa mgonjwa, siku moja tunazungumza ya zamani. Mwaka uleule kulikuwa na nafasi ya mwalimu mmoja kwenda chuo kujiendeleza, na mwalimu mkuu alishampendekeza yeye. Wilayani wakafungua faili, wakakuta onyo. Akaenda mwingine. Alirudi chumbani kwake kwenye nyumba ya bibi, akala ugali na sisi, na jioni ileile akanisahihishia insha.

Mimi niliishia kuwa karani wa masjala, kazi ya kupokea barua za watu na kuzipeleka mezani kwa wakubwa. Miaka ya mwanzo nilikuwa namjua mwandishi kabla sijasoma jina. Huyu ana haraka, huyu ana hofu, huyu kaandikiwa na mwanawe. Taratibu barua za mkono zikapungua. Zikaja za mashine, zikaja za kompyuta, zote na sura moja. Nilipostaafu, kilichokuwa kinaandikwa kwa mkono ofisini ni sahihi tu, na hiyo nayo watu wanaiparura kama wanafukuza nzi. Sisemi ilikuwa bora zamani. Upungufu ule siutamani, wala zile peni za kupuliza. Lakini kulikuwa na wakati ambapo mtu aliposimama mbele ya mkubwa bila cheo wala fedha, mkono wake wenyewe ungeweza kumsemea.

Miaka michache iliyopita nikasikia kwamba mwalimu yuko hai, amerudi kwao Ivuna. Nikamfuata. Nilimkuta amekaa uani, juani, bila sweta, macho yamefifia. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikamtajia jina la bibi, akanikumbuka kwa sababu ya bibi. Kalamu? Ah, mpira ulioza, akasema, ikapotea katika kuhamahama. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha wa cheti na kumshukuru kwa barua.

"Cheti gani?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania, alikuwa amesahau kabisa. "Mwanangu, nimefundisha watoto wengi," akasema, "na kila mmoja aliharibu kitu."

Basi nikakaa kwenye mkeka nikamsimulia yote, wino, chaki, milima, yule afisa, ile karatasi moja aliyoiomba. Nilimsimulia yeye mwenyewe wema wake, naye akasikiliza kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikia habari za ndugu asiyemjua. Nilipofika kwenye mhuri akaniinulia mkono.

"Na yule binti? Walimpokea?"

"Walimpokea, mwalimu. Amestaafu juzijuzi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Wanawe wawili wameingia kazi hiyohiyo."

Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yake. Kisha uso wote ukafunguka, akacheka kile kicheko nilichokuwa nakisikia nikiwa mtoto, upande wa pili wa ukuta wa udongo.

"Basi ile barua ilisomeka," akasema.

"Ilisomeka, mwalimu."